Hugo Gernsback: Aliyetia ufundi wa redio mikononi mwa raia

MNAMO Januari 1906, jarida la Scientific American nchini Marekani lilichapisha tangazo dogo lililowashangaza wengi. Duka moja jijini New York lilikuwa likiuza mtambo kamili wa simu ya upepo, wa kurusha na kunasa mawimbi, kwa dola 8.50 pekee. Wakati huo teknolojia hiyo ilikuwa milki ya mashirika makubwa na majeshi ya wanamaji. Inasimuliwa kwamba afisa wa polisi alitumwa dukani humo kuchunguza ulaghai, kwani hapakuwa na aliyeamini kuwa kifaa cha bei hiyo kingeweza kufanya kazi. Mwenye duka, kijana wa miaka 21, aliuwasha mtambo mbele yake, na kengele ikalia upande wa pili wa chumba bila waya wowote kuviunganisha vifaa hivyo viwili.

Kijana huyo alikuwa Hugo Gernsback. Mtambo wenyewe, ulioitwa Telimco, ulikuwa hafifu. Hata hivyo, ulifungua njia ambayo mamilioni ya wapenda ufundi wangali wanaifuata.

Gernsback alizaliwa Agosti 16, 1884, katika jiji la Luxembourg. Babake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo, wa asili ya Kiyahudi. Uraibu wake ulianza angali mtoto mdogo, alipopewa betri, waya na kengele akajifunza kuviunganisha. Baadaye alisomea ufundi wa umeme katika mji wa Bingen, Ujerumani. Mwaka wa 1904 alivuka bahari hadi Marekani akiwa na betri aliyoibuni mwenyewe, akitumaini kwamba ingemtajirisha. Betri hiyo ilikuwa na nguvu, lakini gharama ya kuiunda kwa wingi ilikuwa kubwa mno, na ndoto hiyo ikafifia.

Hapo ndipo alipotambua jambo ambalo wafanyabiashara wengine hawakuwa wameliona. Vijana waliotaka kuchezea umeme majumbani mwao hawakuwa na mahali pa kununua vipuri. Yeye na mshirika wake wakaanzisha kampuni ya Electro Importing, iliyoagiza vifaa kutoka Ulaya na kuviuza kwa njia ya posta.

Hata hivyo, kipuri bila maarifa ni chuma kitupu. Kwa hivyo, mwaka wa 1908 alianzisha jarida la Modern Electrics, lililomwelekeza msomaji hatua kwa hatua: jinsi ya kuzungusha waya kwenye bomba ili kupata koili, jinsi ya kutundika waya wa kunasia mawimbi, na jinsi ya kusoma mchoro wa saketi. Wasomaji nao walituma michoro na mbinu walizozigundua wenyewe, nazo zikachapishwa ili wengine wafaidi. Mwanafunzi wa jana akawa mwalimu wa leo. Mwaka uliofuata Gernsback aliunda chama cha wapenda redio, akawaunganisha vijana ambao awali kila mmoja alijikalia peke yake na mtambo wake.

Serikali haikufurahishwa na vurumai hiyo ya mawimbi. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwezi Aprili 1912, wachezea redio walishutumiwa kwa kuvuruga mawasiliano. Sheria iliyopitishwa mwaka huo iliwalazimu kuwa na leseni na kutumia mawimbi yasiyozidi urefu wa mita 200, ambayo wataalamu waliyaona kuwa hayana faida. Ajabu ni kwamba, katika miaka ya 1920, ni wapenda ufundi hao hao waliosaidia kudhihirisha kwamba mawimbi mafupi huweza kuvuka bahari. Masafa yaliyodharauliwa ndiyo yaliyokuja kubeba matangazo ya kimataifa hadi Afrika Mashariki.

Marekani ilipoingia vitani mwezi Aprili 1917, mitambo yote ya raia ilifungwa. Gernsback hakukata tamaa. Jarida lake la Electrical Experimenter, alilolianzisha mwaka wa 1913, liliendelea kutoka, na mwaka wa 1919 ndilo lililochapisha kwa mfululizo tawasifu ya mvumbuzi Nikola Tesla. Mwaka huo huo alianzisha jarida jingine la redio. Mnamo 1925 alifungua kituo cha matangazo cha WRNY, na miaka mitatu baadaye kituo hicho kikarusha picha za televisheni zenye ukubwa wa stampu ya barua. Waliozipokea ni watu waliojiundia mitambo yao nyumbani.

Kwa upande mwingine, Gernsback aliamini kwamba fundi huhitaji ndoto sawa na anavyohitaji koleo. Aprili 1926 alitoa Amazing Stories, jarida la kwanza kushughulikia hadithi za kubuni za kisayansi pekee. Heshima yake katika fani hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba tuzo za kila mwaka za waandishi wake, zilizoanza kutolewa mwaka wa 1953, huitwa Hugo.

Lakini msema kweli hana budi kutaja na doa lake. Gernsback alikuwa mgumu wa kulipa. Waandishi walingoja malipo madogo kwa miezi mingi, na baadhi yao wakaenda mahakamani. Mwandishi H. P. Lovecraft alimbandika lakabu ya panya. Mtu aliyegawa maarifa kwa ukarimu hakuonyesha ukarimu huo kwa waliomwandikia. Mwaka wa 1929 kampuni yake ilifilisika, akapoteza majarida na kituo cha redio. Miezi michache baadaye alikuwa ameanza upya, na miongoni mwa majarida aliyoanzisha mwaka huo ni Radio-Craft, lililobadilishwa jina kuwa Radio-Electronics mwaka wa 1948.

Aliaga dunia jijini New York Agosti 19, 1967, akiwa na miaka 83. Alikuwa na hataza zipatazo 80, ingawa nyingi zimesahauliwa.

Ambacho hakikusahauliwa ni mtindo wake. Julai 1974, miaka saba baada ya kifo chake, jalada la Radio-Electronics lilibeba picha ya Mark-8, tarakilishi ambayo msomaji angeweza kujiundia nyumbani kwa kutumia chipu ya Intel 8008. Jarida lilimuuzia kijitabu cha maelekezo kwa dola 5. Vipuri alijitafutia mwenyewe, kisha akajiandikia programu. Waliojaribu waliandikiana barua, wakasahihishana makosa na kugawana mbinu. Enzi ya tarakilishi za nyumbani ilikuwa inabisha hodi, na kama ilivyokuwa kwa redio, raia hawakungoja mashirika makubwa yawafungulie mlango.

Afisa aliyefika dukani akitafuta ulaghai aliondoka baada ya kusikia kengele. Bei ilikuwa ya kweli, na kifaa kilifanya kazi. Alichouza Gernsback hasa ni imani kwamba mtambo uliobuniwa na binadamu mmoja unaweza kueleweka na mwingine, mradi apatikane wa kumwelekeza.