Wasifu wa Karl Schwarzschild (1873–1916)

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayotolewa na mtu mwingine. Soma wasifu ufuatao kisha ujibu maswali.

Karl Schwarzschild alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1873 mjini Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na katika ukoo wao hapakuwa na mtu aliyejulikana kwa sayansi. Hata hivyo, Karl alipenda nyota tangu utotoni. Aliweka akiba ya pesa zake kidogo kidogo, akanunua lenzi na kujiundia darubini. Bahati nzuri, alikuwa na rafiki aliyeitwa Paul Epstein, ambaye baba yake alikuwa na kituo chake binafsi cha kutazamia nyota. Huko ndiko Karl alikojifunza hesabu za falaki, yaani elimu ya nyota na sayari.

Alipokuwa na umri wa miaka 16, umri unaokaribiana na wa watahiniwa wengi wa kidato cha nne, makala yake mawili yalichapishwa katika jarida la wanafalaki wa Ujerumani. Makala hayo yalieleza jinsi ya kukokotoa njia zinazofuatwa na nyota mbili zinazozungukana. Baadaye alisoma katika vyuo vikuu vya Strasbourg na Munich, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1896.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kituo cha Kuffner mjini Vienna. Hapo alitafuta njia ya kupima mwangaza wa nyota kwa kutumia picha badala ya kutegemea macho matupu. Mwaka wa 1901 alipewa uprofesa na usimamizi wa kituo cha falaki cha Göttingen. Mwaka wa 1905 alisafiri hadi Algeria, kaskazini mwa Afrika, kuchunguza kupatwa kwa Jua. Mwaka wa 1909 alimwoa Else Rosenbach, na mwishoni mwa mwaka huo akateuliwa kuwa mkurugenzi wa kituo cha falaki cha Potsdam, karibu na Berlin. Wawili hao walijaliwa watoto watatu.

Kuna jambo moja la miaka hiyo linalofaa kukumbukwa. Mwaka wa 1900, Schwarzschild alitoa mhadhara kuhusu swali ambalo wengi hawakulitilia maanani: je, anga yenyewe yaweza kuwa imejipinda, kama uso wa mpira ulivyojipinda? Alitumia vipimo vya umbali wa nyota kukadiria kiasi ambacho anga ingeweza kujipinda bila sisi kutambua. Wakati huo hapakuwa na nadharia yoyote iliyohitaji jibu la swali hilo. Ilipokuja, miaka 15 baadaye, hesabu za aina hiyo hazikuwa ngeni kwake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka mwaka wa 1914. Schwarzschild alikuwa amepita umri wa miaka 40, tena mkurugenzi wa kituo kikubwa, lakini alijitolea kujiunga na jeshi. Alihudumu Ubelgiji, Ufaransa na katika uwanja wa vita wa upande wa Urusi. Kwanza aliwekwa katika kituo cha hali ya hewa, kisha akapewa kazi ya kukokotoa mapito ya makombora ya mizinga. Hesabu alizozipenda tangu utotoni kwa ajili ya nyota sasa zilitumika kulenga shabaha za vita.

Mnamo Novemba 1915, Albert Einstein aliwasilisha mjini Berlin nadharia ya jumla ya uhusianifu. Kulingana na nadharia hiyo, kitu chenye uzito mkubwa kama Jua hupinda anga na wakati vinavyokizunguka, na huko kupinda ndiko tunakokuona kama nguvu ya uvutano. Milinganyo ya nadharia hiyo ilikuwa kumi na iliyofungamana, hivi kwamba huwezi kutatua mmoja ukaacha mingine. Einstein mwenyewe alipokokotoa mwendo wa sayari ya Utaridi, alipata jibu la makadirio tu.

Nakala ya kazi hiyo ilimfikia Schwarzschild akiwa jeshini. Badala ya kujaribu kutatua milinganyo kwa kila hali, alichagua hali iliyo rahisi kuliko zote: kitu kimoja tu, cha mviringo kama mpira, kisichojizungusha, kikiwa peke yake katika anga tupu. Kwa kuwa mpira hufanana pande zote, sehemu kubwa ya ugumu iliondoka. Akapata jibu kamili, lisilo la makadirio. Tarehe 22 Desemba 1915 alimwandikia Einstein barua kumweleza. Einstein alishangaa kwamba jibu kamili lingeweza kupatikana kwa urahisi hivyo, akaliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia mnamo Januari 1916.

Ndani ya jibu hilo kulikuwa na jambo geni. Kila uzito una nusu kipenyo chake maalumu. Kwa uzito wa Jua, nusu kipenyo hicho ni takriban kilomita 3. Kwa uzito wa Dunia, ni takriban milimita 9. Kama Dunia yote ingeshindiliwa ikawa ndogo kama gololi, hata mwanga usingeweza kutoka ndani yake. Leo tunakiita nusu kipenyo cha Schwarzschild. Ni muhimu mwanafunzi asikosee hapa: Schwarzschild hakudai kwamba vitu vya namna hiyo vipo. Kwake yeye, hiyo ilikuwa sehemu ya hesabu isiyofikiwa na nyota halisi.

Wakati huohuo, mwili wake ulikuwa ukidhoofika. Alishikwa na pemfigasi, ugonjwa wa ngozi wenye malengelenge na maumivu makali, ambao wakati huo haukuwa na tiba. Hata hivyo, aliandika makala ya pili kuhusu uvutano ndani ya nyota, na mengine kuhusu muundo wa atomu. Mnamo Machi 1916 alirudishwa nyumbani. Madaktari hawakufua dafu. Aliaga dunia tarehe 11 Mei 1916, akiwa na umri wa miaka 42, akazikwa Göttingen. Ilikuwa imepita takriban miezi mitano tu tangu amwandikie Einstein. Mwanawe Martin, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, alikuja kuwa mwanafalaki mashuhuri nchini Marekani.

Jibu la Schwarzschild lilimzidi umri kwa mbali. Mwaka wa 1939, Robert Oppenheimer na Hartland Snyder walionyesha kwa hesabu kwamba nyota kubwa iliyoishiwa na nishati yaweza kujiporomokea hadi kupita mpaka ule. Katika miaka ya 1960, vitu hivyo vilianza kuitwa mashimo meusi. Lakini kitu kisichotoa mwanga kitaonekanaje? Jibu limo katika ulaji wake. Shimo jeusi likiwa karibu na nyota nyingine, huvuta gesi ya nyota hiyo. Gesi haitumbukii moja kwa moja. Huzunguka kama maji yanayoingia tunduni, ikatandaa mfano wa sahani. Tabaka zake husuguana, zikapata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei kabla ya kuvuka mpaka.

Eksirei hizo huzuiwa na hewa ya Dunia, hivyo sharti zipimwe kutoka juu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Italia la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 kinafyonza gesi ya nyota jirani, nacho kikawa cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa shimo jeusi. Mwaka wa 2019 dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lenye uzito wa takriban Jua bilioni 6.5. Hata watafiti wa nadharia za chembe ndogo kabisa za maada hutumia mashimo meusi kupimia mawazo yao, na wengi huanza na jibu lile la mwaka wa 1915.

Maswali

1. Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba Schwarzschild alikuwa na bidii tangu ujana wake. (alama 2)
2. Eleza jinsi mhadhara wa mwaka wa 1900 ulivyohusiana na kazi yake ya mwaka wa 1915. (alama 2)
3. Ni mbinu gani aliyoitumia Schwarzschild kurahisisha milinganyo ya Einstein? (alama 2)
4. "Schwarzschild aligundua mashimo meusi." Kwa kurejelea wasifu huu, eleza kwa nini kauli hii si sahihi. (alama 2)
5. Fafanua jinsi shimo jeusi linavyoweza kutambuliwa ilhali halitoi mwanga. (alama 3)
6. Pwani ya Kenya ilichangiaje katika utafiti wa mashimo meusi? (alama 2)
7. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika wasifu: (alama 2)
   (a) kifungua mimba
   (b) hawakufua dafu