Shaaban Robert, Karani wa Serikali

Ndugu zangu tuliosoma hapa Utemini zamani, nanyi vijana mlio madarasani sasa: mhariri ameniomba habari za mtu mashuhuri. Nimemchagua Shaaban Robert, lakini malenga mnamfahamu tayari. Nataka kumsimulia karani.

Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hadi 1926, na mwaka huohuo akaajiriwa katika Idara ya Forodha. Alikaa humo miaka 18. Mwaka 1944 alihamishiwa Idara ya Wanyama na kupelekwa Mpwapwa, huku kwa jirani zetu wa Dodoma. Mwaka 1946 alirudi Tanga, kwenye boma. 1952 akaingia ofisi ya upimaji ardhi, akaiacha 1960. Miaka 34, idara kadhaa, na hakuna hata moja aliyoiongoza. Wakati ule vyeo na mishahara vilikwenda kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika alikuwa wa chini hata kama kalamu yake ilishinda za wote.

Hapo ndipo aliponigusa. Miaka michache iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, cheo nilichokingoja muda mrefu alipewa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Wenzangu walinyamaza, wawili walihamia upande wake kabla ya saa ya chai. Usiku ule niliandika barua ya kuacha kazi.

Nilikuwa nimesoma Utubora Mkulima hapahapa shuleni. Utubora anaacha kazi ya mshahara mzuri, anakwenda kulima. Nami nikajiona Utubora. Lakini aliyemwandika Utubora hakuacha kazi! Zamani nilimhesabia jambo hilo kuwa ni woga. Leo nina watoto wanne wa kusomesha, sithubutu kumhukumu. Yeye alifiwa na mkewe Amina, na watoto walitaka kula.

Wala hakukaa kimya. Kusadikika kilitoka 1951, mwandishi akiwa bado mtumishi wa serikali ya kikoloni. Ndani yake Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa mbali, wakarudi na taarifa zenye manufaa kwa nchi, wakatiwa gerezani. Mtumishi aliyewahi kupeleka taarifa ya kweli kwa mkubwa asiyetaka kuisikia anakielewa kitabu hicho bila mwalimu. Shaaban Robert hakumtaja mkubwa yeyote. Aliiweka nchi yake angani. Serikali ileile ikamtunuku nishani ya M.B.E. Nadhani hawakukisoma kwa makini.

Alifariki Juni 1962, miaka miwili tu baada ya kutoka ofisini. Kufikirika kilichapwa 1967 na Utubora Mkulima 1968, mwenyewe hakuviona.

Barua yangu sikuipeleka. Asubuhi nilimpa kijana yule mkono wa pongezi, kwa shida, na tunafanya kazi pamoja hadi leo. Karatasi ninayo bado. Nyuma yake nimeorodhesha vitabu vya Shaaban Robert ambavyo ningependa kuviweka katika maktaba ya shule yetu. Mwenye nakala ya ziada aje nayo siku ya mkutano, hasa Wasifu wa Siti binti Saad.