Imamu Abu Hanifa na Hesabu za Duka Lake

Wengi wetu hapa Makadara tuuzao mahamri na nguo majumbani, mfuko wa biashara na wa nyumba ni mmoja; rasilmali huliwa pasi na mwenyewe kujua.

Imamu Abu Hanifa, aliyezaliwa Kufa mwaka 80 Hijria (699) akafa Baghdad mwaka 150 (767), alikuwa mfanyi biashara wa nguo za hariri. (Sisi ni Mashafii, lakini dukani ni imamu wetu sote.) Yapokewa kuwa faida aliikusanya mwaka hata mwaka, akawanunulia wanazuoni chakula na mavazi, na iliyosalia akawagawia: faida, si rasilmali. Mshirika wake Hafs alipouza nguo yenye kasoro akasahau kumwambia mnunuzi, wala asimjue ni nani, Imamu alitoa thamani yote sadaka.