Daktari Aliyechora Ramani ya Ubongo

Tumezoea kusimuliana maisha ya mashujaa: wapiganiaji uhuru, washairi na wanariadha. Mimi nimeona heri nikuletee shujaa wa aina nyingine. Huyu alipambana na adui ambaye huku mitaani kwetu, kuanzia Shauri Moyo hadi Dandora, bado anaogopwa kuliko simba. Adui huyo ni kifafa. Shujaa ni Daktari Wilder Penfield.

Penfield alizaliwa tarehe 26 Januari 1891 mjini Spokane, Marekani. Baba yake alikuwa daktari, lakini kazi haikumwendea vyema, ikambidi mama awachukue watoto waende kuishi kwa wazazi wake katika jimbo la Wisconsin. Mama huyo hakuwa wa kukata tamaa. Kijana alipokuwa na miaka 13, mama alipata habari za msaada wa masomo wa Rhodes, uliowapeleka wanafunzi bora Oxford, Uingereza. Akaamua kwamba mwanawe lazima aupate. Kumbe msaada ule haukutaka vitabu pekee, ulitaka na michezo! Basi kijana akajifunga kibwebwe darasani na uwanjani, na mwishowe akaupata. Mchumia juani hulia kivulini.

Huko Oxford alifundishwa na bingwa wa neva, Charles Sherrington. Mwaka wa 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, meli aliyoabiri, Sussex, ilipigwa kombora kati ya Uingereza na Ufaransa. Wengi waliangamia. Yeye aliumia mguu, akapona, akarudi vitabuni hadi akawa daktari mpasuaji wa ubongo.

Mwaka wa 1928 alihamia Montreal, Kanada, na mwaka huohuo likamfika la kumfika. Dada yake mkubwa, Ruth, alikuwa akianguka kifafa tangu ujana wake. Sasa ikagunduliwa kwamba ana uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Penfield akaamua kumpasua mwenyewe. Jamani, hebu fikiria kushika kisu juu ya kichwa cha dada yako wa toka nitoke! Alitoa uvimbe kadiri alivyoweza, lakini mzizi mwingine ukabaki. Ruth alirudi nyumbani kwa watoto wake, anaongea na kucheka kama kawaida. Lakini siku moja alipotaka kupika, vyakula vyote vikiwa jikoni, alishindwa kabisa kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate. Kutokana na hilo ndugu yake akatambua kwamba sehemu ile ya mbele ndiyo hupanga mambo yetu. Miaka michache baadaye uvimbe ulimrudia Ruth, akafariki.

Msiba haukumvunja daktari, bali ulimchochea. Aliwaza kujenga mahali ambapo wapasuaji, madaktari na watafiti watafanya kazi chini ya paa moja, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Wakfu wa Rockefeller ulitoa zaidi ya dola milioni moja, na mwaka wa 1934 taasisi yake ya ubongo ikafunguliwa Montreal.

Upasuaji wake si mchezo. Mgonjwa alidungwa ganzi ya kichwani tu, akabaki macho, akizungumza. Usishangae, ubongo wenyewe hausikii maumivu. Penfield aligusa hapa na pale kwa umeme mdogo. Akigusa hapa, kidole kinacheza. Akigusa pale, ulimi unawasha. Wengine walisikia muziki ambao haukuwa ukipigwa. Kila alipogusa aliweka kikaratasi chenye nambari. Hivyo ndivyo alivyochora ramani ya ubongo, ili akate palipo na ugonjwa tu, asije akamwacha mtu bila usemi.

Lakini tatizo moja lilimsumbua: kuona kabla ya kufungua. Picha ya eksirei huonyesha mifupa vizuri, ubongo ni kama ukungu tu. Madaktari wa siku zile walilazimika kutoa maji yaliyo ndani ya kichwa na kutia hewa ndipo wapige picha, na mgonjwa aliumwa na kichwa vibaya sana.

Penfield aliaga dunia tarehe 5 Aprili 1976, akiwa na miaka 85. Miaka mitano kabla, mwaka wa 1971, mambo mawili yalitokea Uingereza. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa skani ya CT. Tena, Daktari David Taylor na wenzake walieleza kasoro waliyoiona katika vipande vya ubongo vilivyotolewa kwa wagonjwa wa kifafa. Mtoto akiwa tumboni, chembe za ubongo huzaliwa ndani, kisha husafiri kwenda juu na kujipanga safu kwa safu. Nyingine hupotea njia au hujipanga ovyo, na hapo ndipo kifafa kinaweza kuanzia. Miaka ya 1980 ikaja skani ya MRI, inayotumia sumaku, na madaktari wakaweza kuiona kasoro hiyo mgonjwa akiwa amelala tu, fuvu lake zima. Hata hivyo, kasoro nyingine ni ndogo mno, skani huipita bila kuiona.

Si kila mgonjwa anahitaji kisu. Wengi hutulia kwa vidonge, bora wasiviache.

Kwa nini nimeandika haya? Kwa sababu ninakaa dawati moja na mwenzangu mwenye kifafa. Kuna majirani wanaosema ati amelogwa, na wengine hukimbia wakihofia povu lake. Mwaka jana alitaka kuacha shule kwa aibu. Wenzangu, povu haliambukizi, na kasoro ya kabla ya kuzaliwa si laana ya mtu. Akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Tazama saa: ikizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Akizinduka, akukute bado upo hapo.