MAISHA YA MUHAMMAD ALI: JE, NANI ANGEMSHINDA?



Bila shaka nawe ushawahi kuwa hapo. Tarawehe imekwisha, watu wametoka msikitini, kahawa chungu inamiminwa, na barazani hapa Makadara mmoja anaanzisha swali lile lile la kila Ramadhani: lau Muhammad Ali wa ujana wake angekutana na Mike Tyson wa ujana wake, nani angelala chini? Basi hapo makelele ndiyo huanza. Mzee atamtaja Joe Louis. Kijana hataki kusikia mwengine ila Tyson. Wa tatu atamleta Rocky Marciano, bingwa aliyepigana mara 49 na asishindwe hata mara moja. Mpaka daku ifike, hakuna aliyemkubali mwenzake.

Sasa hebu leo tuyapitie maisha ya bwana huyu kwa kupitia swali hilo hilo. Utaona mwisho wake kwamba jibu haliko kwenye ngumi peke yake.

UTOTO NA UBINGWA

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1942 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, akaitwa Cassius Clay. Alipokuwa na miaka 12 aliibiwa baiskeli yake. Akaenda kushtaki kwa polisi mmoja, Joe Martin, huku akilia na kuapa kwamba atampiga mwizi. Polisi yule alikuwa akifundisha vijana ndondi, akamshauri ajifunze kupigana kwanza. Ndio mwanzo wake. Mwaka 1960 akashinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Rome, na tarehe 25 Februari 1964 akamvua Sonny Liston ubingwa wa dunia wa uzani mzito. Alikuwa na miaka 22 tu. Baada ya hapo akatangaza wazi kwamba ameingia katika kundi la Nation of Islam, na mwezi Machi akapewa jina la Muhammad Ali.

HEBU TUWAPAMBANISHE

Wajuzi wengi wa ndondi wanasema kwamba Ali hakuwahi kuwa bora kuliko usiku wa tarehe 14 Novemba 1966, mjini Houston, alipommaliza Cleveland Williams katika raundi ya tatu. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, miguu myepesi mno kwa mtu wa uzani ule. Basi tumchukue Ali huyo huyo, si yule wa uzeeni.

Tumpe Joe Louis, aliyeutetea ubingwa wake mara 25. Louis alikuwa na mikono ya haraka na nguvu za kutisha, lakini miguu yake haikuwa ya mbio. Mwaka 1941 Billy Conn, mtu mwepesi kuliko yeye, alimtangulia kwa pointi mpaka raundi ya 13, kisha Conn akaingiwa na tamaa ya kupigana naye ana kwa ana, akaangushwa. Ali alikuwa mwepesi kama Conn, tena mkubwa zaidi. Tumpe Tyson, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 mwaka 1988. Anatisha, lakini mwaka 1990 kule Tokyo alishindwa na Buster Douglas, bondia mrefu aliyemweka mbali kwa mkono wa kushoto.

Lakini wacha tusimpendelee mtu. Ali alikuwa na aibu yake ulingoni: aliteremsha mikono. Henry Cooper alimwangusha London mwaka 1963 kwa konde la kushoto, na Joe Frazier akafanya vivyo hivyo mwaka 1971. Louis na Tyson wote walikuwa na konde hilo. Kwa hivyo anayebisha barazani naye ana haki yake.

KOMPYUTA ILIPOTAKA KUAMUA

Usidhani ubishi huu ni wetu peke yetu. Mwaka 1967 Mmarekani mmoja, Murray Woroner, aliwatia mabingwa wa zamani na wa wakati ule katika kompyuta, na matokeo yakatangazwa redioni kama mashindano ya kweli. Kompyuta ikasema Ali ameshindwa na Jim Jeffries, bingwa wa miaka 60 na zaidi nyuma! Ali akaona ameharibiwa jina, akamshtaki akidai dola milioni moja. Wakapatana, na mwaka 1969 yeye na Marciano wakaingia studio mjini Miami kuigiza pambano mbele ya kamera. Marciano, aliyestaafu tangu 1956, alijipunguza uzito mwingi na kuvaa nywele za bandia. Miisho mbalimbali ilipigwa picha, wala wenyewe hawakujua upi utakaotumika.

Marciano hakuuona. Alifariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969. Filamu ikaonyeshwa Januari 1970, na Marekani waliona Marciano akimwangusha Ali katika raundi ya 13. Ulaya nako ikaonyeshwa nyengine ambayo Ali ndiye mshindi. Mashine moja, pambano moja, washindi wawili!

KWA NINI ALIKUBALI?

Hapa ndipo nataka utulie, ndugu yangu. Kwa nini bingwa wa miaka 27, aliyekuwa hajashindwa bado, aigize ngumi studioni na mtu mzima aliyestaafu? Jibu ni kwamba ngumi za kweli alikuwa amekatazwa.

Tarehe 28 Aprili 1967, kule Houston, aliitwa aingie jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Jina lake likaitwa, naye hakupiga hatua mbele. Alisema dini yake haimruhusu vita vile. Kumbuka kwamba Joe Louis aliingia jeshini mwaka 1942 na akawa akipigana ngumi za maonyesho mbele ya askari, na wengi waliona Ali naye angepata kazi nyepesi ya namna hiyo. Hakutaka. Akanyang'anywa leseni na ubingwa, pasipoti ikachukuliwa, na mwezi Juni mahakama ikamhukumu miaka mitano jela na faini ya dola 10,000. Alibaki nje kwa dhamana akisubiri rufaa, akijipatia riziki kwa kuhutubia vyuoni.

Kutoka Machi 1967 mpaka Oktoba 1970 hakupigana. Alitoka na miaka 25, akarudi na 28. Hebu hesabu mwenyewe: hiyo ndiyo miaka ambayo bondia hukamilika. Kwa hivyo Ali wa kilele chake, yule tunayempambanisha barazani, hakuna aliyemwona. Mahakama kuu ilimfutia hatia mwezi Juni 1971, lakini miaka haikurudishwa.

Na hasara haikuishia hapo. Miguu iliporudi mizito, akajifunza kuvumilia makonde badala ya kuyakwepa. Ndivyo alivyomshinda George Foreman hapa hapa Afrika, Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974: aliegemea kamba akapigwa mpaka Foreman akachoka, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Dunia ilishangilia, lakini mwili ukaandika deni. Aliendelea kupigana mpaka 1981, na mwaka 1984 madaktari wakamkuta na ugonjwa wa Parkinson.

HAKUWA MALAIKA

Tusimpambe kupita kiasi. Alimtusi Frazier kwa maneno machafu, na Frazier aliishi na uchungu huo miaka mingi. Alimpa kisogo rafiki yake Malcolm X mwaka 1964, na Malcolm akauawa mwaka 1965 kabla hawajapatana. Baadaye Ali alikiri kwamba alilijutia hilo. Nation of Islam ilikuwa na mafundisho ya rangi ambayo Uislamu hauyajui. Lakini alihiji mwaka 1972, na tangu 1975 akafuata njia ya Sunni.

Hata huku kwetu alifika. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Afrika kuhimiza mgomo wa Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam Mwalimu Nyerere alikataa kumwona, na Tanzania ikaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Nairobi alikutana na Rais Moi, na Kenya haikwenda.

Alifariki tarehe 3 Juni 2016, akasaliwa na kuzikwa Louisville katika siku za mwanzo za Ramadhani.

BASI NANI ANGEMSHINDA?

Ndugu msomaji, endelea kubisha, hakuna ubaya, bora usipitwe na swala. Lakini ukifika kwenye zamu ya Ali, waambie wenzako kwamba kilele chake alikitoa mwenyewe, mikononi mwake, akijua bei yake. Tumefunzwa kwamba kila mmoja wetu ataulizwa ujana wake aliumaliza katika nini. Ali, pamoja na makosa yake yote, ana miaka mitatu na nusu ya kuonyesha. Mimi na wewe, tuliokaa barazani mpaka daku, tuna nini?

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wafu wetu wote, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.