Aliyeiunga Adhana na Kwaya

Leo ukurasa huu unamtazama Mwingereza mmoja ambaye jina lake halitajwi sana katika baraza zetu, ingawa sauti alizozichukua pande hizi zimesikika katika kumbi nyingi za ughaibuni. Naye ni marehemu David Fanshawe. Nimemchagua kwa kuwa alitenda jambo ambalo Mwislamu wa pwani hawezi kulisikia akanyamaza: aliichukua adhana, akaiunga na kwaya ya Misa.

Alizaliwa mwaka 1942 huko Devon. Kabla ya kusomea muziki alifanya kazi ya kukata na kuunganisha filamu, na mimi naona siri yake yote imo humo. Aliyezoea mkasi huiona sauti kama kitambaa, hukipima, akakikata, akakishona penye kipande kingine. Mwaka 1965 aliingia chuo cha muziki cha Royal College of Music, London, lakini likizo zilimkuta njiani. Alifika hata Bahrain, akawasikiliza wapiga mbizi wa lulu, na kutokana na mapigo yao akatunga kazi aliyoiita Salaams.

Mwaka 1969 alikuwa Cairo. Aliposikia mwadhini, moyoni mwake ikamjia sauti ya kwaya ikipanda juu ya ile adhana. Tangu hapo akaufuata mto Nile kwenda juu, Misri, Sudan, Uganda na Kenya, mara nyingi kwa kuomba lifti, tepurekoda begani. Safari hizo zilichukua miaka.

Kutengeneza muziki kwa utepe hakukuwa jambo geni, na hapa sifa tuwape wenyewe. Katika mji huohuo wa Cairo, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh aliingia na chombo cha kunasa sauti kwa uzi wa chuma katika zaar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, ambayo msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa. Kisha akaenda studio ya redio, akazichezea sauti zile hata maneno yakapotea, ukabaki mvumo tu. Pierre Schaeffer wa Paris, anayesifiwa kuwa mwanzilishi, alifuata mwaka 1948. Fanshawe hakwenda njia hiyo. Yeye aliiacha sauti ya mwenyewe ikiwa nzima, akajenga pembeni yake.

Kazi ikaitwa African Sanctus, ikaimbwa mara ya kwanza London mwaka 1972, na santuri ikatoka mwaka uliofuata. Namna yake ni hii: sauti za utepe hutoka katika spika, na waimbaji, piano, gitaa na ngoma hufuata papo hapo. Tatizo ni kwamba utepe haumsubiri mtu. Mwongoza kwaya hawezi kuuambia upunguze mwendo, wala hawezi kumwomba mwadhini ashushe sauti kidogo. Kwaya nzima ya Wazungu, na vitabu vyao mikononi, hulazimika kumfuata mwadhini wa Cairo aendako. Hilo, nakiri, lilinifurahisha.

Lakini kuna la pili. Adhana si wimbo. Ni wito, una wakati wake, na mwenye kuusikia ana la kujibu. Katika kazi hii, wakati mwadhini anaita, kwaya inaomba rehema kwa Kigiriki, kama ilivyo desturi ya Misa. Fanshawe alikusudia heshima. Aliamini sifa zote zinamwendea Mungu mmoja, na sioni dharau katika alilofanya. Hata hivyo, adhana isiyomwita mtu kuswali, inayomalizika watu wakapiga makofi, imeondolewa kazi yake. Nia njema haikuondoa hilo.

Wala si sisi tu. Miongoni mwa vipande vya Kenya umo wimbo wa ng'ombe wa Waturkana. Nilipofika Eliye, mwendo wa mchanga kutoka Lodwar hadi ukingoni mwa ziwa, penye chemchemi na mikoma, ndipo nilipofahamu kilichoachwa nje ya utepe. Mturkana humwimbia dume wake mmoja ampendaye, na akiimba huinua mikono miwili juu ya kichwa kuonyesha jinsi pembe za mnyama huyo zilivyopinda. Nyimbo zao za kuchezea hazihitaji ngoma. Makofi na vishindo vya miguu vinatosha. Spika inatoa sauti, mikono haionekani, na dume hajulikani ni wa nani.

Kwa upande mwingine, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwaka huo wa 1969 alinasa bwola, ngoma kubwa ya Waacholi. Januari 1971 Idi Amin akatwaa serikali, na Waacholi wengi wakauawa, hasa askari. Sauti za mkutano ule wa furaha zikabaki katika utepe wa mgeni.

Kuanzia mwaka 1978 Fanshawe alihamia visiwa vya Pasifiki, akakusanya kanda kwa maelfu huko Fiji, Tonga, Samoa na kwingineko. Alifariki mwaka 2010. African Sanctus imeendelea kuimbwa na kwaya za mijini na za shule, na kila inapoimbwa lazima mtu abonyeze kitufe, mwadhini aanze, na kwaya imfuate.