Agnes Pockels: Msichana aliyegeuza karai la vyombo kuwa maabara

Hebu jaribu hivi leo jioni. Panga peremende za rangi ukingoni mwa sahani, kisha mimina maji ya uvuguvugu polepole. Sukari itaanza kuyeyuka na rangi kusafiri. Zitakutana, lakini kwa muda hazitachanganyika. Sasa weka maji kwenye sahani nyingine, nyunyiza pilipili manga, halafu gusa katikati kwa kidole chenye sabuni. Umeona pilipili ilivyotimua mbio?

Maswali kama hayo ya jikoni ndiyo yaliyomnasa Agnes Pockels.

Alizaliwa mwaka wa 1862 mjini Venice, uliokuwa chini ya Austria. Babake, mwanajeshi, aliugua malaria, na mwaka wa 1871 familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes alipenda fizikia kweli kweli, lakini wakati huo vyuo vikuu huko havikupokea wanawake. Ndugu yake mdogo, Friedrich, akaenda chuo. Agnes akabaki kupika, kuosha vyombo na kuuguza wazazi.

Ungekuwa wewe ungekata tamaa, si ndiyo? Yeye alisoma vitabu alivyopata kupitia ndugu yake, huku akichunguza jinsi mafuta na sabuni vinavyobadilisha uso wa maji. Akaunda kifaa chake: trei ya bati iliyojaa maji, kipande cha bati cha kusukuma uso huo, na kitufe kilichoning'inizwa kwenye mizani. Nguvu ya kung'oa kitufe majini ilimwonyesha uso umeshikana kiasi gani, na hata mafuta kidogo tu yaliulegeza.

Januari 1891 akajipa moyo, akamwandikia Lord Rayleigh, mwanasayansi maarufu wa Uingereza. Mkewe Rayleigh akaitafsiri barua hiyo kutoka Kijerumani, na Machi mwaka huo ikachapishwa katika jarida la Nature.

Mwaka wa 1932, akiwa na miaka 70, chuo kikuu cha mji wake kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Mwaka huohuo Mmarekani Irving Langmuir alishinda Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti uliotumia kifaa kilichotokana na trei kama ile ya Agnes. Agnes mwenyewe hakupata Nobel. Alifariki mwaka wa 1935.

Basi ukitumwa kuosha vyombo leo, usinune. Angalia kwanza maji yanafanya nini.